Shangazi Alikuwa Mpishi wa Kiwanda



Unapovaa khanga mpya unajua kwamba imetoka kiwandani. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyewapikia watu walioifuma? Sisi hapa Mwamgongo tunaye mmoja katika ukoo wetu. Ni shangazi yangu, dada yake baba.

Aliondoka kijijini mwaka 1972. Alipanda boti hadi Kigoma, kisha akapanda gari moshi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na imewachukua watu wetu wengi. Wazee wa zamani walikwenda kukata mkonge. Shangazi alikwenda Dar es Salaam kwa kaka yake, aliyekuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo. Kiwanda hicho kilijengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968. Ni mwaka ule ule jirani zetu sokwe wa Gombe walipopata hifadhi ya taifa.

Shangazi alipata kazi ya kupika katika kantini. Anasema sufuria lilikuwa kubwa, mtoto angeweza kuoga ndani yake. Mwiko wa ugali ulikuwa mrefu kama kasia. Basi yeye aliushika kama kasia! Mikono miwili, miguu imara, mwili wote unafanya kazi. Wenzake waliumwa mgongo. Yeye alizaliwa ziwani, hakuumwa.

Siku ya dagaa wa Kigoma aliitwa yeye. Wenzake waliwaloweka katika maji ya moto hadi wakavunjika. Shangazi aliwachambua kwanza, akatoa mchanga, akawaosha upesi, akawakaanga kwa mawese aliyoletewa kutoka nyumbani. Siku hiyo, anasema, watu wa zamu ya mchana walirudi kuomba tena.

Lakini hakujua kusoma wala kuandika. Alihesabuje sahani? Alikuwa na kopo na maharage makavu. Kila akipakua sahani kumi, alitia haragwe moja ndani ya kopo. Jioni karani alihesabu maharage. Siku moja kopo lilianguka, maharage yakatawanyika sakafuni. Karani akasema sahani zimepungua. Shangazi alijua hazikupungua, lakini angeonyesha nini?

Wiki iliyofuata alijiunga na darasa la kisomo. Mwaka 1970 Serikali ilikuwa imeutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yalikuwa yameenea. Wewe unayesoma gazeti hili kwa kidole unajua alivyopata taabu na herufi za kwanza. Baadaye aliandika sahani katika daftari lake mwenyewe. Karani hakubishana naye tena.

Halafu kuna Sabasaba. Tarehe 7 Julai ni siku TANU ilipozaliwa, mwaka 1954. Wakati ule ilikuwa pia sikukuu ya wakulima, ambayo siku hizi ni Nane Nane. Maonyesho yalifanyika Dar es Salaam, katika uwanja wa Barabara ya Kilwa, na mpaka leo yanafanyika pale kila mwaka. Shangazi alikwenda na kaka yake. Aliona matrekta, ng'ombe wanono, ngoma, na watu wengi kuliko aliowahi kuwaona. Kisha wakafika mahali palipotundikwa vitenge na khanga. Watu walisifu rangi. Walisifu mashine. Walisifu wafumaji, na kaka yake akatabasamu.

Shangazi akamwambia, "Kaka, kitambaa hiki kina ugali wangu ndani."

Kaka yake alicheka. Yeye hakucheka. Alinunua doti moja ya khanga kwa fedha yake.

Nimeandika habari hizi mwaka huu, kwa sababu nilimsikia mjukuu wake akisema kwamba bibi "alikuwa mpishi tu". Kaka yake amekwisha kufariki, na mambo ya mashine alikwenda nayo. Shangazi amepita miaka 70. Kila jioni namwuliza jambo moja, naliandika. Tumefika ukurasa wa 19.

Ile khanga bado anayo, kipande kimoja. Cha pili alimpa dada yake wa Ujiji. Bei aliyolipa ameisahau, lakini anasema dada yake anaikumbuka. Boti ikienda Jumatatu, nitakwenda kumwuliza.