Nguo ya Gome

Msafiri arudipo nyumbani hutazamwa mikono kabla ya uso. Desturi hii ni ya zamani, wala si mbaya. Aliyekwenda mbali hupenda kuleta kitu cha kuonyesha kuwa alifika, na waliobaki hupenda kugusa kipande cha nchi wasiyoiona. Kwa sababu hiyo wauzaji wa tunu wapo katika kila njia panda ya dunia. Huko Jamaika wageni washukao melini huuziwa kofia na vikapu vya majani. Mombasa huuziwa vinyago. Na katika miji yetu ya mpakani, Busia na Malaba, msafiri huuziwa mikeka ya mafunjo, vikapu, vibuyu, ngoma ndogo na vitenge vya kila rangi. Nataka kusimulia jinsi nilivyonunua vitu viwili katika miji hiyo, na jinsi kimoja kilivyonifundisha thamani ya kingine.

Miji hii ina jambo la ajabu. Kila mmoja ni mmoja kwa jina na miwili kwa serikali: iko Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba ya huku na Malaba ya kule. Mpaka wenyewe haukuwekwa na wenyeji. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ndipo Waingereza walipoikata na kuitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso wa Malaba na Wasamia wa Busia wakabaki na ndugu pande zote mbili, na biashara ikafuata undugu.

Nyanya yangu alikuwa mtu wa ng'ambo. Alizaliwa Buganda, akaolewa na babu yangu aliyekuwa mfanyakazi wa reli mjini Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa, babu alirudi Kenya, naye nyanya akamfuata mpaka kijiji chetu kilicho kati ya Malaba na Busia. Hapo aliishi, akajifunza lugha yetu, akazaa na kulea. Sikupata kumsikia akilalamika.

Mwezi wa Aprili mwaka 2019, nilipokuwa likizoni, naye amekwisha kuwa mkongwe, aliniita chumbani mwake. Alifungua ncha ya leso, akatoa shilingi 4,000 alizopata kwa kuuza mbuzi. "Mjukuu wangu," akasema, "nenda mpakani ukaninunulie lubugo."

Lubugo ni nguo ya gome la mti. Waganda huichuna katika mti uitwao mutuba wakati wa mvua, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba ili jeraha lipone na gome liote tena. Gome lile hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mipana na baadaye myembamba, mpaka lipanuke na kulainika. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Hapo kale, kabla ya pamba kuenea, hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya watu. Na hata leo huvaliwa katika sherehe na hutumiwa kuzikia wafu. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa wanadamu. Lakini siku ile sikuyajua hayo, wala sikumwuliza nyanya nguo ile ilikuwa ya kazi gani. Kijana aliyepewa fedha huwa na haraka.

Nilikwenda Malaba. Malori yalikuwa yamepangana barabarani kama siafu, na kwa mbali ng'ambo ya mpaka mwamba wa Tororo ulionekana umesimama peke yake. Mchuuzi mmoja kijana alinikimbilia na kipande cha lubugo kilichochorwa ngoma na korongo mwenye taji, ndege wa bendera ya Uganda. Alitaka 1,500. Nilicheka, nikageuka kama mtu aendaye zake. Akaniita, tukavutana, akashuka mpaka 900. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa. Nilikuwa nimesahau kuwa wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nyanya alikunjua kile kipande juu ya magoti yake. Kilimfunika magoti tu. Alipitisha kidole juu ya yule ndege, akatabasamu, kisha akakikunja tena taratibu.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini hiki ni cha kutundikwa ukutani, mjukuu wangu. Mimi sitatundikwa."

Hapo ndipo nilipofahamu. Niliona haya hata nikashindwa kunyanyua uso. Yeye hakunigombeza, aliniambia tu nijaribu Busia, kwa fedha zilizobaki.

Kesho yake nilipita katikati ya baiskeli na pikipiki za boda boda, ambazo watu husema kuwa jina lao lilizaliwa papo hapo Busia, mpaka nikamkuta mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza vikapu na mikeka kutoka Uganda. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu. Hakunionyesha kitu. Aliniuliza, "Ni ya nani?"

"Ya nyanya yangu."

"Yu hai?"

"Yu hai. Amenituma mwenyewe."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ana kimo gani?"

Sikuweza kujibu. Yule aliyenibeba mgongoni, niliyemwona kila siku ya maisha yangu, sikujua urefu wake. Mwisho niliweka kiganja begani pangu, nikasema, "Hufika hapa." Naye akanitazama kwa makini, kama afanyavyo fundi cherehani.

Bei yake ilikuwa 3,500. Nikaanza kuvutana kama nilivyovutana Malaba, lakini yeye alitikisa kichwa. "Vikapu tutapatana," akasema. "Nguo hii hatuvutani bei." Ikanilazimu kukiri kuwa nilikuwa na 3,000 tu, na kwamba nyingine nilizitoa kwa picha ya ndege. Alicheka mpaka akafuta machozi. Nguo yenyewe ilikuwa lazima iagizwe ng'ambo. Akataka arubuni ya 1,500, nirudi siku ya tatu. Nilimpa bila hati wala shahidi, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku hizo mbili sikulala vema. Mbuzi wa nyanya alikuwa amegeuka korongo wa ukutani na ahadi ya mtu nisiyemjua. Siku ya tatu nilifika Busia asubuhi, nikakuta mahali pake pana watu wengine. Mvua ikanyesha, saa zikapita. Alasiri, nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa, nilimwona akija kutoka upande wa mpaka, amelowa maji chapachapa, ila furushi alilokumbatia lilikuwa kavu, limefungwa katika karatasi ya nailoni.

Nilimhesabia 1,500 zilizosalia. Nikamwambia kuwa 500 nitamletea. Akakataa. "Kwetu," akasema, "mchango wa msibani twauita mabugo, kwa kuwa zamani watu walileta nguo hizi zenyewe. Mwambie nyanya yako kwamba mimi nimeleta mabugo yangu mapema, naye yu hai wa kuniambia asante."

Nilipomfikishia nyanya maneno hayo, aliinusa ile nguo kwa muda mrefu. Kisha alisimama, akanitaka nimpime nayo. Ilimtosha, ikabaki shibiri moja. Akaiweka sandukuni, akaenda kuwasha moto wa chakula cha jioni, naye akiimba kwa sauti ndogo lugha ambayo sikupata kujifunza.

Aliishi miaka mitatu zaidi. Mwaka 2022 tulimzika nayo, kama alivyotaka.

Yule korongo yungali ukutani mwangu. Wageni humsifu na kuniuliza bei, nami huwaambia kuwa nilimpata rahisi. Juu ya nguo ile nyingine hawaniulizi, kwa maana haipo. Lakini nipitapo Busia hupeleka macho mahali pale alipokuwa akikaa yule mama. Na nyumbani, kila nimwonapo mzee nimpendaye amesimama, humtazama vizuri nikijua ananifika wapi.