Mkanda wa Trafiki

Aliyemfundisha mpwa wangu kuendesha gari ni mimi, na dada yangu hajaacha kunishukuru. Hajui nilichomfundisha zaidi ya gia na breki. Akisoma hapa ndipo atajua.

Alipopata leseni yake, akiwa na miaka 18, nilianza kumpeleka barabara ya Morogoro, Kibaha hadi Chalinze, azoee malori. Anayeipita njia ile anajua desturi yake: gari linalokuja likikuwashia taa, trafiki wako mbele. Hapo ndipo nilipokuwa nasema, "Funga mkanda mjomba, tusije tukaliwa hela." Tunavuta mikanda, tunapita tumenyooka kama tunapigwa picha ya pasipoti, na sare nyeupe zikishabaki nyuma mimi naachia wangu, naye anaachia wake. Kisingizio changu kilikuwa joto.

Gari lilipopiga kelele kwamba mkanda haujafungwa, nikampa ujanja mwingine: upitishe nyuma ya mgongo, uchomeke, litanyamaza lenyewe. Alicheka sana. Aliniona mjomba mjanja, nami nikaipenda sifa hiyo. Kijana wa umri ule akikucheka kwa kukukubali, mtu mzima unaweza kufanya upuuzi mwingi ili acheke tena.

Jioni moja alitoka na wenzake wawili, mitaani tu, wakaingia mtaroni. Hakufa mtu. Yeye alipoteza meno mawili kwenye usukani, na aliyekaa kiti cha nyuma alivunjika mfupa wa bega. Wodini nilimuuliza, kwa ukali wa mjomba, kwa nini hakufunga mkanda.

"Mjomba, kule hakuna trafiki."

Hakusema kwa jeuri. Aliulizwa swali, akajibu alichofundishwa.

Dada yangu alimlaumu kijana, akawalaumu rafiki zake, akamlaumu aliyeuacha mtaro wazi. Mimi nilikubaliana naye kwa kila mmoja.

Aibu ni kwamba sikuwa mjinga wa mambo haya. Nilijua gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama, mwili uliomo ndani hausimami nalo. Unaendelea kwa kasi ileile mpaka ukutane na usukani au kioo, kishindo cha mtu aliyeanguka kutoka mita 10 hivi. Nilijua ule mfuko wa hewa umetengenezwa kumpokea aliyefunga mkanda. Niliwahi hata kumsimulia habari za Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo aliyebuni mwaka 1959 mkanda huu wa kupita begani na kiunoni, na jinsi kampuni ilivyowaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Nilimsimulia huku wangu ukining'inia pembeni. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Mpwa wangu yumo humo katikati, na mwalimu wake alikuwa anamfundisha kuogopa faini.

Alipopona nilijaribu kumtisha kwa picha za ajali kwenye simu. Alizitazama kwa adabu, kisha akautazama mkanda wangu, wapi umekaa. Nikaacha picha. Nikamwambia wazi kwamba nilimpotosha, na kwamba kuachia mkanda baada ya kuwapita askari ulikuwa utoto wangu, hata kama nina mvi.

Akaniuliza, "Na wa nyuma je?"

Sikuwa na jibu. Katika gari langu mikanda ya nyuma ilifunikwa na kava za viti tangu siku nilipozinunua. Waliokaa huko, na mama yangu mzazi akiwemo, hawakuwahi kuiona. Tulivua kava pamoja, yeye akiingiza mkono kwenye mkunjo wa kiti na kutoa maganda, sarafu na vumbi. Mikanda miwili inabana vizuri. Wa tatu umeliwa na kutu, na fundi anasema wa kubadilisha anao.