Ila Tuliyoinyamazia Tulipouza Gari



Ndugu zetu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu, tumeona hapana budi tushike kalamu tuandike juu ya jambo ambalo katika mabaraza yetu ya Riyadh na Jeddah halikosekani kuzungumzwa, nalo ni magari. Aghalabu mazungumzo huwa juu ya bei ya matairi, fundi gani wa Sinaiya ni mwaminifu, na tashlihi ipi mtu aendee akitafuta taa au mlango uliotumika. Yote hayo yana faida, nasi tutayagusa. Lakini lipo moja ambalo hatulisemi, kwa kuwa kulisema ni kujisema wenyewe. Sisi, baba na mama wa nyumba moja miongoni mwa nyumba zenu, tumekubaliana kulieleza kama lilivyotufika. Yule tuliyemkosea tumemwomba idhini, naye ameridhia.

Kwanza tukumbushane kwa nini magari yamekuwa biashara ya sisi kwa sisi. Huku usukani uko kushoto na magari hupita upande wa kulia. Kwetu Kenya, Tanzania na Uganda ni kinyume chake. Kwa hivyo gari tununualo huku si la kwenda nalo nyumbani. Mtu apatapo khuruj ya mwisho hawezi kuondoka ilhali gari lingali limeandikwa kwa jina lake. Hana budi kuliuza, tena kwa haraka. Na mnunuzi ni nani? Mara nyingi ni jamaa aliyefika juzi, ambaye Kiarabu chake ni cha chuoni, hajui mambo ya haraj, na anamwamini Mswahili mwenzake kuliko dalali. Hivyo gari moja hupita katika nyumba tatu au nne za jamaa zetu, na pamoja na gari hupita siri zake.

Letu lilikuwa saluni ya Kijapani tuliyokaa nayo Riyadh miaka sita. Katika miaka miwili ya mwisho tuliona jambo. Wakati wa kiangazi, joto linapofika nyuzi 45, tukiwa katika msongamano wa barabara ya King Fahd na kiyoyozi kinafanya kazi, mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Tukizima kiyoyozi na kufungua madirisha, ulishuka. Fundi mmoja wa Sinaiya alilitazama, akatwambia waziwazi kwamba rejeta imeziba karibu nusu yake kwa kutu na chumvi za maji ya bomba, na feni moja kati ya mbili haizunguki. Akataja bei. Tukamwambia tutarudi mwisho wa mwezi. Hatukurudi. Tulijizoesha kuzima kiyoyozi kila tulipofika kwenye taa nyekundu, hata watoto wakajua kufungua madirisha bila ya kuambiwa.

Ikatokea kazi ikatuhamisha Jeddah, na huko tukapewa gari la kazi. Tukalitangaza la zamani. Ulikuwa mwezi wa Januari, na usiku wa Riyadh mwezi huo ni wa makoti. Mnunuzi alikuwa kijana wa Tanga, ana mke na watoto wawili, hajamaliza mwaka nchini. Alilizunguka gari, akaliendesha mitaa miwili, na mshale haukutikisika. Tukamwambia kwamba injini haijapata kufunguliwa, kwamba gari limepita fahas mwezi uliotangulia, na kwamba matairi hayajatimiza mwaka. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akauliza, "Kaka, lina neno lolote?" Tukajibu, "Gari la zamani halikosi vijineno, lakini litakufikisha." Tukacheka, naye akacheka, tukaombeana dua. Usiku ule nyumbani hatukulizungumza. Kila mmoja wetu alijua mwenziwe anawaza nini, akageukia upande wake akalala.

Ilipofika Julai, mama yake yule kijana alikuja kutoka Tanga kwa ziara, naye akampeleka Makka kwa umra. Walisafiri usiku kutoka Riyadh, wakateremka mlima wa al-Hada alfajiri baada ya kuhirimia Wadi Mahram, na gari halikuwapa taabu. Siku ya kurudi waliondoka Makka baada ya sala ya adhuhuri. Watu watano ndani, mizigo nyuma, na madumu mawili ya zamzam ambayo mama alikusudia kuwagawia majirani zake Tanga. Wasomaji waliopita njia ile wanaijua: hupanda kutoka bondeni hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kona baada ya kona, na ndiyo maana malori hayaruhusiwi kupita pale, hupita njia ya Sayl. Kijana alikuwa amewasha kiyoyozi kwa ajili ya mama yake. Kabla ya kufika nusu ya mlima, mvuke ulitoka chini ya boneti.

Alituita kwa simu. Hakutuita kulalamika. Alituita kwa sababu sisi ndio jamaa wa karibu aliowajua upande ule, na kwa sababu, kama alivyosema, "nyinyi mnalijua gari hili."

Tulitoka Jeddah, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja, na katika mwendo wote ule hatukusemezana ila mara mbili. Tulipofika, tuliwakuta pembezoni mwa barabara. Watoto walikuwa wakiwatazama nyani walioshuka majabalini kutafuta chakula. Mama alikaa juu ya jiwe chini ya mwavuli. Kijana alikuwa amefunga mkono kwa kanga ya mama yake iliyorowa maji. Alifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto, maji yakaruka yakamchoma kuanzia kiganja hadi kiwiko. Maji mengine hawakuwa nayo, basi mama alifungua dumu la zamzam akammiminia mkononi, kisha la pili, hata yakaisha yote.

Mama alipotuona alisimama, akatuombea dua kwa kuacha shughuli zetu na kuja. Kijana naye akauliza, bila ya shaka yoyote moyoni, "Kaka, lilipata kuwafanyia hivi?"

Ndugu wasomaji, jawabu la uongo lilikuwa karibu sana. Lilikuwa neno moja, na hakuna ambaye angelijua. Tulitazamana. Kisha tukasema, "Ndiyo. Miaka miwili. Fundi alitwambia kabla hatujakuuzia, nasi tukanyamaza."

Hakujibu kitu. Alikaa chini kando ya gurudumu, akautazama mkono wake. Mkewe aligeuka akawaita watoto. Aliyesema ni mama, na alisema polepole: "Basi, wanangu, mmelisema. Sasa atafutwe daktari wa mkono, kisha fundi."

Tukaita gari la kuvuta, lile liitwalo satha, na sisi tukawachukua hadi hospitali ya Taif. Mkono ulipona, alhamdulillahi, ijapokuwa alama imebaki. Injini ilipofunguliwa, gasketi ilikuwa imeungua na silinda hedi imepinda. Wanavyuoni wa fiqhi wamelieleza jambo hili katika mlango wa khiyari ya ila: mnunuzi akigundua kasoro ya zamani aliyofichwa, ana haki ya kurudisha kitu na kurudishiwa fedha yake. Tulimpa kijana haki hiyo. Yeye akachagua kubaki na gari, nasi tukalipa matengenezo yote pamoja na rejeta mpya na feni. Gharama ilifika mara nne ya bei ile aliyotutajia fundi wa Sinaiya. Hiyo fedha imekwisha kusahaulika. Yale madumu mawili hatujayasahau.

Kutokana na haya, tunaleta mbele yenu nasaha chache, huenda zikamfaa mwenye safari.

Kwanza, joto la injini. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zake zote hata kama ni kiangazi, kwani hita huchukua sehemu ya joto la injini, kisha tafuta pahala pa salama usimame. Injini isipoe chini ya nusu saa kabla ya kuugusa mfuniko wa rejeta, na usiuguse mpaka uweze kuuwekea mkono bila ya kuhisi moto. Atakayeungua amiminiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Asipakwe samli wala dawa ya meno. Na ndani ya rejeta tusitie maji ya bomba mwaka hadi mwaka; chumvi zake ndizo zilizoziba letu.

Pili, kuteremka. Ashukaye al-Hada aingize gia ndogo, hata kwa gari la otomatiki, na injini ndiyo ilizuie gari. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na nguvu zake hupungua pale zinapohitajiwa zaidi.

Tatu, matairi. Tazama ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka kwa jua hata likiwa halijatembea, na lile la akiba pia huzeeka. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari. Lililopata moto njiani lisipunguzwe upepo. Tangu mwaka 2018 ziko sehemu za barabara kuu za nchi hii zinazoruhusu mwendo wa kilomita 140 kwa saa. Ruhusa hiyo ni ya gari lenye matairi mazima, na si lazima tuitumie.

Nne, mji litokako gari. La Jeddah litazamwe chini, kwani hewa ya bahari hula chuma kimyakimya. La Riyadh liulizwe vumbi, yaani chujio la hewa na kiyoyozi. Na ununuapo wakati wa baridi, omba gari liendeshwe saa nzima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Fahas ni jambo la lazima na la kheri. Hutazama breki, taa, matairi na moshi, lakini haipandishi gari mlimani.

Tano, karatasi. Usimkabidhi mtu gari kabla umiliki haujahamishwa, jambo ambalo siku hizi hufanyika kwa Absher. Kamera za Saher, zilizoanza mwaka 2010, humwandikia faini mwenye jina lililo katika istimara, si mwenye kushika usukani. Urafiki mwingi umevunjika hapo.

Sita, nyumba nzima ijue gari. Tangu tarehe 24 Juni 2018 wanawake wameruhusiwa kuendesha nchini, na dada zetu wengi wamekwisha kupata leseni. Basi baba asiwe peke yake ajuaye mshale ule una maana gani. Na watoto wasiachwe katika gari lililofungwa, japo kwa muda wa kununua mkate au kusali rakaa mbili; joto la ndani huua kwa muda mfupi kuliko tunavyodhani.

La mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Nyumbani kwetu tumeweka desturi ya karatasi ya ila. Kila kasoro tunayoigundua tunaiandika siku hiyo hiyo: kitu gani, fundi alisema nini, na tumekitengeneza au bado. Siku ya kuuza, mnunuzi atapewa karatasi hiyo kabla ya kutajiwa bei. Bei itashuka, hilo tunalijua. Jamaa mmoja alitwambia kwamba kwa mtindo huo hatutauza gari milele. Tukamjibu kwamba tulikwisha kuuza moja kwa mtindo ule mwingine. Tunawaombeni, mabibi na mabwana, mliofikirie jambo hili, hasa mnaojitayarisha kurejea nyumbani, kwani kijana anayewanunulia hana mwingine wa kumwuliza isipokuwa nyinyi.

Gari tulilo nalo hivi sasa lina umri wa miaka tisa. Karatasi yake imo ndani ya kijaluba cha mbele, na mstari wake wa kwanza umeandikwa na binti yetu: "Dirisha la nyuma, upande wa kushoto, halishuki."