Hoho za Njano Zilivyonichongea

Ndugu msomaji, mimi si mwizi. Ila mwezi wa kwanza mama alinipa pesa za pakiti ya mbegu za hoho, nami nikanunua njumu. Msimu uliotangulia mbegu za pakiti zilitupa hoho nyekundu tupu, basi nikakausha mbegu za hoho hizo hizo, nikazisia kitaluni. Kwani mbegu si mbegu?

Huku kwetu Taita mboga nyingi huteremshwa Mombasa. Mama alikuwa amemwahidi mnunuzi mmoja hoho nyekundu, na pesa hizo ndizo karo yangu. Zikaanza kuiva. Lo! Katika mashina 40, mashina 11 yalizaa njano. Mnunuzi akazikataa, ati hakuagiza malimau. Mama alifura kama hamira, akaapa kwenda kumwumbua mwenye duka la mbegu. Mimi jasho jembamba likanitoka.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Baiolojia. Jenetiki ni somo la kidato cha nne, lakini hakuninyima. Hoho changa ni ya kijani kwa sababu ya klorofili. Ikiiva, klorofili huvunjwavunjwa, na tunda hutengeneza rangi nyingine hatua kwa hatua. Mwishoni kimeng'enya kimoja hugeuza rangi za njano ziwe kapsanthini, ambayo ndiyo wekundu wenyewe. Jeni ya kimeng'enya hicho ilielezwa na watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, safari hukomea kwenye njano. Kwa hiyo hoho ya njano si mbichi, imeiva kabisa. (Nilizila kadhaa kwa huzuni, ni tamu.)

Mbegu za pakiti zilikuwa chotara: jeni moja nzima kutoka kwa mzazi mmoja, na moja mbovu kutoka kwa mwingine. Ile nzima inatosha kuleta wekundu, ndiyo maana hatukushuku kitu. Lakini watoto wa chotara hugawana jeni hizo kama karata, na kwa wastani mmoja katika kila wanne hupata mbovu mbili.

"Ulipanda mashina mangapi?" mwalimu akauliza.

"40, mwalimu."

Akaandika 10 kwenye karatasi, akanitazama. "Nawe umepata 11. Mbegu hizi hazikutoka dukani, sivyo?"

Nikainamisha kichwa.

Nilimkuta mama anajifunga leso aende huko dukani. Nikasimama mlangoni nikasema yote. Hakunipiga. Alinyamaza mpaka nikatamani fimbo. Kisha akauliza, "Na mbegu za hizi za njano, nikizipanda?"

"Zitazaa njano, mama, labda nyuki alete chavua ya nyekundu."

Akasema nizikaushe kando, nizitilie alama.

Njumu nimezivaa mara mbili tu. Jumamosi nazipeleka sokoni.