Garanti ya mpangaji si mali yetu



Katika vikundi vyetu wengi husema kwamba mwenye vyumba vya kupangisha amepumzika: mwezi unaisha, feza zinaingia. Sisi ni dada watatu pamoja na mama yetu. Tunapangisha vyumba vinne vya aneksi nyuma ya nyumba yetu hapa Bukavu, katika komini ya Kadutu. Chumba kimoja ni dola 30 kwa mwezi, vyote vinne dola 120. Kupumzika bado hatujakuona, lakini tumejifunza mambo ambayo yanaweza kumsaidia mama mwenye chumba kimoja, na pia mama anayepanga.

La kwanza ni garanti. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015 inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa garanti isipite miezi 3. Kwetu ni dola 90 kwa chumba, dola 360 kwa vyumba vyote. Feza hizo ziko mikononi mwetu, lakini si zetu. Tumeziweka katika koperative ya akiba, kwenye kitabu cha pekee, na ili zitoke lazima wawili kati yetu watie sahihi.

Mnajua mambo yanavyokwenda mara nyingi. Mwenye nyumba anapokea garanti asubuhi, jioni imekwisha kwa mabati au kwa masomo ya watoto. Mpangaji akitaka kuhama, hakuna cha kumrudishia. Anaambiwa: kaa, maliza garanti yako. Miezi mitatu chumba hakileti kitu, naye mpangaji anahitaji feza hizo kwa garanti ya kule anakokwenda. Wote wawili wamefungwa, na salamu zinakwisha.

Kanuni hii ilipimwa siku mama yetu alipolazwa hospitalini. Mshahara wa ualimu ulikuwa haujatoka, na fakitire ilipita feza tulizokuwa nazo. Kitabu cha garanti kilikuwa pale mezani, na dola 360 ndani. Tulibishana mpaka usiku. Mmoja wetu alisema tuazime kidogo tu, tutarudisha. Mama mwenyewe, pale kitandani, ndiye aliyemaliza mabishano: “Wanangu, hizo zina wenyewe. Nendeni kwenye MUSO.” Tukaenda, tukakopa dola 150, na tukalipa kwa miezi mitano pamoja na faida yake.

Hazikupita wiki tatu, mpangaji wa chumba cha pili akaja kutuaga. Mtoto wake alikuwa mgonjwa huko Uvira na alipaswa kuhamia kwao haraka. Siku aliyorudisha ufunguo tulikagua chumba pamoja naye, tukamhesabia dola zake 90. Alilia. Alisema katika nyumba tatu alizopanga, hajawahi kurudishiwa garanti. Kabla ya kuondoka alituletea mpangaji mwingine, mama anayeuza mboga sokoni, na hatukumlipa komisionere yeyote. Mama huyo yuko kwetu hadi leo.

La pili ni kontra. Tunaiandika kwa Kifaransa, kisha tunaisoma kwa sauti kwa Kiswahili, pole pole, kama darasani, mbele ya shahidi mmoja. Mume na mke wote wanatia sahihi. Bwana akienda machimboni na kuchelewa kurudi, mke asionekane mgeni katika chumba anamolala na watoto wake. Tangu Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mke haombi tena ruhusa ya mume ili atie sahihi. Wawili wanatakiwa kupatana. Majina mawili kwenye karatasi moja yanaonyesha mapatano hayo. Nyuma ya kontra tunaandika hali ya chumba: vioo vingapi, funguo ngapi, ukuta una ufa wapi. Mpangaji akitoka, tunasoma karatasi ileile, na hakuna anayedai kioo kilichokuwa kimepasuka tangu zamani.

La tatu ni daftari na risiti. Kila malipo yanaandikwa mara mbili, kwake na kwetu, tarehe na sahihi. Noti za dola tunazitazama pamoja, mbele yake, kwa sababu noti iliyopasuka kidogo au iliyochakaa inakataliwa sokoni, na ikikataliwa kesho hakuna anayejua ilitoka kwa nani. Anayelipa kwa franka, tunaandika pia bei ya dola ya siku ile.

La nne ni umeme na maji. Mita ni moja na nyumba ni tano. Kugawa sawasawa si haki: kuna mwenye taa moja, na kuna mwenye pasi, televisheni na friji. Tulikaa wote uwanjani, tukahesabu vyombo vya kila nyumba, tukakubaliana sehemu ya kila mmoja. Mwenye kununua friji anajulisha, na hesabu inafanywa upya. Maji tunahesabu kwa bido. Tangu hapo kelele za mwisho wa mwezi zimepungua sana.

La tano ni paa na mifereji. Kila mwezi tunaweka pembeni dola 20 kabla ya kugusa kitu chochote. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, fundi anapanda juu, maana mvua ya mwezi wa tisa haimsubiri mtu. Hapa kwetu kwenye mteremko, maji ya paa letu yakiachwa ovyo yanachimba chini ya nyumba ya jirani. Mfereji unagharimu kidogo kuliko ukuta wake.

La sita ndilo gumu zaidi: mpangaji ambaye hakulipa. Tunamwendea mapema, siku ya tano, bila kungoja mwezi wa tatu. Mmoja wetu anaenda peke yake, watoto wakiwa hawapo. Tunauliza kimetokea nini, na tunaandika mpango: kiasi gani, tarehe gani. Mwezi wa tisa, kwa kuwa kuna madaftari na sare za shule, tunakubali malipo kwa sehemu mbili, na jambo hilo limo ndani ya kontra tangu mwanzo. Ikishindikana, tunakwenda kwa shefu wa avenyu, kisha ofisi ya Habitat ya komini. Kung'oa mlango au mabati ili mama atoke na watoto, hapana. Mvua inayowanyeshea hao hailipi deni, na ukiitwa mbele ya sheria, wewe mwenye haki unageuka mwenye kosa.

Mwisho wa hesabu, katika dola 120, tukitoa 20 za matengenezo, inabaki 100 vyumba vyote vinapokuwa na watu. Hizo zinanunua dawa za mama na kulipa masomo ya sekondari ya mdogo wetu. Si utajiri, lakini zinakuja kila mwezi, na tunalala bila deni la mtu kichwani.

Wamama, katika mkutano wenu wa wiki hii, ombeni kila mwenye kupangisha ataje mbele ya wenzake garanti alizopokea na mahali zilipo. Yule ambaye amekwisha kuzitumia asichekwe. Aanze kurudisha dola 5 kila wiki kwenye sanduku, kwenye mstari wa pekee wenye jina la mpangaji wake. Kwa garanti ya dola 90, wiki 18 zinatosha.