Draiva ya Flopi, Njia ya Embu

Sikuwahi kufika Meru mpaka Windows XP ilipokataa kuingia kwenye kompyuta ya mama mmoja anayedarizi beji za sweta za shule. Ile ya zamani iliungua madabodi umeme ulipopotea na kurudi kwa kishindo. Akanunua ya mtumba kutoka Uingereza, nzuri kabisa. Lakini programu inayoendesha cherehani yake haijui mfumo mwingine ila XP, na cherehani bado inashona barabara. Waliomshauri ahamie Windows ya kisasa hawakumwambia angelazimika kununua na cherehani.

Kwa simu nilimwomba anisomee maandishi ya skrini ya buluu.

“Sifuri ni nyingi, fundi. Halafu saba, halafu B.”

Hapo nikaelewa. XP ilitoka 2001, enzi ya diski za IDE. Kompyuta za baadaye huwasiliana na diski kwa mtindo wa AHCI, na XP haiioni diski hiyo mpaka ipewe draiva. Mara tu kazi ya kuiweka inapoanza, maandishi hutokea chini ya skrini kwa sekunde chache yakikuambia ubonyeze F6. Ukibonyeza, draiva inatafutwa kwenye flopi tu. Flash haitakiwi. Kwa kawaida fundi huingia kwenye baiosi akarudisha IDE, kazi ikaisha. Baiosi ya mashine hii ilitoa AHCI na RAID pekee. Kuchoma CD mpya yenye draiva ndani kwa nLite kunawezekana pia, ila CD ya XP ilikuwa kwa mama, na laptopu yangu haina tundu la CD.

Wauzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, waliniuliza kama natania. Flopi, mwaka huu?

Nikapanda matatu kituo cha Tea Room. Mwea mashamba ya mpunga yanafika hadi kingo za lami, na wauza pishori wanakimbilia dirishani kabla gari halijasimama. Embu nilishuka kwa sababu ya hesabu moja tu: mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi 2013, na ofisi za serikali huacha vyombo vingi nyuma. Mzee mmoja mwenye duka la kuchapa barua alinisikiliza, akavuta droo, akatoa kisoma flopi cha USB na diski mbili zilizofungwa kwa mpira.

“Utanirudishia ukipita, kijana.”

Baada ya Runyenjes barabara inashuka kwenye bonde na kupanda tena, mto baada ya mto kutoka mlimani, migomba na kahawa pande zote. Mteremko wa daraja la Nithi, mahali palipoua watu wengi, abiria waliacha kuzungumza. Baada ya Nkubu tukavuka ikweta na kuingia Meru.

Nikabonyeza F6. Orodha ya chipu ikaja, majina yanafanana kama mapacha: ICH8, ICH9, ICH10. Ukikosea moja, ile skrini ya buluu inarudi. Nilichagua ya kumi, diski ikaonekana. Roho yangu haikutulia bado, kwa kuwa XP huiomba flopi mara ya pili wakati wa kunakili faili, na visomaji vingi vya USB hugoma hapohapo. Taa ya kijani ikawaka, kikakoroma, kikaendelea. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai alichosahau kunipa.

Waya wa intaneti niliuchomoa, kwa kuwa Microsoft iliacha kuirekebisha XP Aprili 2014. Cherehani ikashona beji ya kwanza, nembo ya shule ya msingi, uzi mwekundu. Nikanakili diski nzima kwenye nyingine ya akiba, ili siku diski hii ikifa achomeke ile bila kumwita mtu. Mama akaifunga kwa nailoni, akaitia kwenye sanduku la risiti. Kisha tukaanza kuvutana kuhusu bei.