Robine haijui nani amelipa

UVIRA – Kila asubuhi saa kumi na mbili, katika mtaa mmoja wa mji wa Uvira, mama mmoja anafungua kufuli ya kituo cha maji, anaweka kiti chake kando ya robine na kufungua kaye yake. Ni kaye ya masomo kama zile za watoto. Kwa kila bidoni ya lita 20 inayolipiwa franka 100, anapiga kistari kimoja. Jioni anahesabu vistari, anaandika jumla, na kumpelekea pesa prezida wa kamati ya maji.

Mwanzoni kaye ilikuwa ya kulinda pesa tu, mtu asije akamshitaki wizi. Lakini mama huyu alizoea pia kuandika pembeni siku ambayo fundi alibadilisha kipira kidogo kinachokaa ndani ya robine. Baada ya mara tatu, akaona jambo. Kipira cha kwanza kilikwisha baada ya bidoni 8,900. Cha pili baada ya 9,400. Cha tatu baada ya 9,100. Kila bidoni ni kufungua robine mara moja na kufunga mara moja, na kipira kinachoka kwa kufunguliwa na kufungwa, si kwa kupita kwa miezi.

Akamwambia prezida: « Papa, tukifika bidoni 8,000 tununue kipira kingine, kikae hapa tayari. » Prezida akakubali. Bei ya kipira haipiti bidoni kumi.

Halafu vita ikasukuma watu tena. Familia karibu 30 zilizokimbia vijiji vyao zikafika mtaani, zikapokelewa katika nyumba za wakaaji na katika kanisa. Hazikuwa na pesa. Kamati ikaamua wachote bure, bidoni tatu kwa familia kila siku. Mama akawapokea vizuri. Lakini kwa sababu kaye ilikuwa ya pesa, na wao hawakuleta pesa, hakuwapigia kistari.

Siku ya 41 tangu kipira kipya kiwekwe, robine ikakataa kufunga. Maji yakamwagika usiku kucha mpaka fundi akaja kukata maji chini. Kaye ilisema bidoni 6,100. Kwa hesabu ya mama, muda ulikuwa bado. Kipira cha akiba hakikuwa kimenunuliwa. Tena fundi alipofungua, alikuta kipira kimekwisha kabisa na chuma kimesaga chuma mpaka ndani pameliwa. Kipira peke yake hakingesaidia tena. Ilihitajika robine nzima, zaidi ya franka 30,000, na sanduku la kamati halikuwa na pesa hizo.

Kituo kikafungwa siku tatu. Wenye pesa walinunua maji mbali. Wengine, wakaaji na wakimbizi pamoja, walishuka na bidoni mpaka ziwani Tanganyika.

Kila mtu wa Uvira anajua maana ya kushuka ziwani. Kuna uchunguzi uliofanywa katika mji huu, ukachapishwa mwaka 2015, uliolinganisha maji yaliyotolewa kila siku kwenye mabomba na wagonjwa waliofika kwenye kituo cha kutibu kipindupindu, tangu 2009 mpaka 2014. Ulionyesha kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zinazofuata. Katika wiki ile, mtoto wa miaka minne wa familia moja ya wakimbizi alipelekwa kwenye matibabu, anatapika na kuharisha. Alipona. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni maji gani yalimgonjesha, lakini mama wa kaye hakulala vizuri.

Katika mkutano wa kamati, maneno yalikuwa makali. Mzee mmoja alisema wazi: « Ni hawa wakimbizi ndio waliharibu robine yetu. » Wanawake wa wakimbizi waliokuwa wamesimama nyuma waliinamisha vichwa.

Mama akaomba neno. Alikuwa amefanya hesabu usiku. Familia 30, bidoni tatu kila siku, kwa siku 35 tangu wafike: bidoni 3,150. Ukiongeza zile 6,100 zilizolipiwa, unapata 9,250.

« Mzee wangu, hawakuharibu kitu, » akasema. « Robine imefanya kazi yake yote, kama zile za mbele. Mimi ndiye sikuwaandika. Robine haijui nani amelipa. »

Watu walinyamaza. Prezida alichukua kaye, akarudia hesabu mwenyewe, akaikuta sawa.

Hesabu ile haihusu robine peke yake. Kanuni za Sphere ambazo mashirika ya misaada yanafuata zinapanga robine moja kwa watu 250, na angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Hiyo ni karibu bidoni 187 kila siku. Robine ile, kwa wanaolipa na wasiolipa, ilikuwa inatoa kama 240. Na ndivyo ilivyo kwa barabara ya kitaifa namba 5 inayotoka Bukavu kuja Uvira: hauichoshi umri wake tu, unaichosha uzito wa malori yanayopita juu yake, na mvua. Choo cha masomo kinajaa kulingana na wanafunzi wanaokitumia, wakiwemo wale waliofika jana. Anayepanga matengenezo kwa kutazama kalenda tu, au kwa kuhesabu wale tu walioandikwa, atashangaa siku kitu kitakapovunjika, na atatafuta wa kumlaumu.

Leo kaye ya mama ina safu mbili: waliolipa na wasiolipa. Safu ya pili inaandikwa na msichana wa wakimbizi aliyefika darasa la sita kabla ya kukimbia. Kwenye bidoni 8,000 wamechora mstari mwekundu. Kila Jumamosi franka 2,000 zinawekwa pembeni, na haziguswi kwa kazi nyingine. Kipira cha akiba kimefungwa ndani ya karatasi ya plastiki, kinaning'inia kwenye msumari nyumbani kwa prezida.

Juma lililopita hesabu ilifika 7,600. Fundi ameshaambiwa.